Maji Yana Mashahidi, Mchanga Hauna

Katika Barabara ya Bagamoyo, pale Mbezi Beach, makondakta wa daladala bado wanakiita kituo kimoja Afrikana. Wengi wanaoshuka hapo hawajawahi kuiona hoteli iliyokipa kituo jina lake. Ilikuwa ufukweni, miongoni mwa hoteli kubwa za watalii kaskazini mwa Dar es Salaam, na bahari iliula ufukwe wake mpaka hoteli ikaachwa. Hoteli jirani za Kunduchi zilijikinga kwa mawe na kuta zilizoingizwa majini. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiandika juu ya ufukwe huo, na sababu walizozitaja ni zaidi ya moja: mawimbi na mikondo inayosogeza mchanga kwa kufuata kusi na kaskazi, matumbawe yaliyovunjwa na uvuvi wa baruti, na sababu nyingine isiyotoka baharini hata kidogo. Hiyo ni mchanga uliochotwa kwenye mito ya Tegeta na Mbezi na vijito vya jirani, ukapakiwa malorini kwenda kujenga mji. Mchanga uliopaswa kushuka na masika hadi ufukweni ulikuwa umekwisha kuwa tofali na plasta.

Kusini kidogo mambo ni kinyume. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita mabonde ya Kinyerezi, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Salenda, mwendo wa kama kilomita 35. Huko juu miti imekatwa, viwanja vimepimwa na visivyopimwa vimejengwa, na kila mvua inashuka na udongo mwingi kuliko mto unavyoweza kuufikisha baharini. Jangwani mteremko unakwisha, na karibu na mdomo wa mto bamvua hurudisha maji nyuma. Hapo mchanga unatua. Mashine huuzoa chini ya daraja la Barabara ya Morogoro, na mvua inayofuata huurudisha. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa bondeni humo imefurika mara kwa mara tangu huduma ilipoanza mwaka 2016.

Mji ni mmoja na mvua ni ileile, zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mto mmoja unakufa kwa kunyang'anywa mchanga, wa pili unafukiwa nao. Anayeipima mito hii kwa maji peke yake hawezi kueleza tofauti hiyo. Kwa hiyo, katika kulinganisha namna watu wa nchi na zama mbalimbali walivyousoma mto, nitashika swali moja: mchanga waliuweka wapi katika hesabu zao?

Nianze na hesabu zinazotawala leo, kwa sababu ndizo zinazoamua daraja lijengwe wapi na nani ahamishwe. Mhandisi anapotaka kujua maji yatafika wapi, hukata mto vipande vipande ndani ya kompyuta, kila kipande na upana wake, kina chake na mteremko wake, kisha huyapitisha maji kutoka kipande kimoja hadi kingine kwa hatua fupi za muda, pengine za sekunde chache. Milinganyo anayoitumia ni ya Mfaransa Adhémar Barré de Saint-Venant, ya mwaka 1871. Mmoja unasema maji hayapotei: yaliyoingia ama yametoka, ama yameinua kina. Wa pili unasema kinachoyasukuma ni uzito wake juu ya mteremko, na kinachoyazuia ni mkwaruzo wa sakafu na kingo. Mkwaruzo huo huandikwa kwa namba yenye jina la Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyewasilisha kanuni yake Dublin mwaka 1889. Kwenye mkondo safi namba hiyo ni kama 0.03, kwenye bonde lenye matete na vichaka inaweza kufika 0.1. Hakuna chombo kinachoipima moja kwa moja. Mtu hupatazama mahali, hupalinganisha na mito mingine anayoijua, kisha huchagua. Ndani kabisa ya hesabu hii, basi, kuna jicho la mtu, na kama jicho hilo halijawahi kuyaona matete ya bonde la Msimbazi na takataka zilizonasa ndani yake, kina chote cha maji kitakachotoka kwenye kompyuta kitabeba kosa hilo.

Hadi hapo mchanga haujatajwa. Katika milinganyo ya Saint-Venant sakafu ya mto imetulia kana kwamba imemwagiwa zege. Wahenga wetu husema maji hufuata mkondo, na modeli ya namna hii ni methali hiyo iliyopewa namba: mkondo upo, maji yanaufuata. Kwa mfereji wa saruji hilo linatosha. Kwa mto wa mchanga kama Tegeta ni nusu ya habari, maana maji huufuata mkondo leo na kuuchimba mwingine usiku wa leo.

Mwanasayansi wa hali ya hewa wa Vienna, Felix Exner, ndiye aliyeandika katika miaka ya 1920 mlinganyo ambao kila modeli ya mashapo imejengwa juu yake. Ni mfupi sana. Mchanga ulioingia kwenye kipande cha mto ukiwa mwingi kuliko uliotoka, sakafu inapanda. Ukiwa mchache, sakafu inachimbika. Kwa mlinganyo huo Msimbazi na Tegeta ni mto mmoja wenye alama mbili, ya kujumlisha kwa Msimbazi na ya kutoa kwa Tegeta, na lori la mchanga ni sehemu ya hesabu sawasawa na mawimbi. Ninaupenda mlinganyo huu kuliko wowote katika elimu ya mito. Mtu yeyote aliyewahi kuweka daftari la duka anaweza kuuelewa.

Ugumu uko kwenye kujua mchanga unaoingia ni kiasi gani. Hapo ndipo maabara za Ulaya zilipotumia karibu karne nzima. Albert Shields, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Berlin, alionyesha mwaka 1936 kwamba punje ya mchanga haitikisiki mpaka msukumo wa maji uvuke kiwango fulani kinachotegemea ukubwa na uzito wa punje hiyo. Mwaka 1948 Eugen Meyer-Peter na Robert Müller wa Zürich walitoa kanuni waliyoipata kwa kupitisha maji na kokoto kwenye mifereji ya majaribio. Mwaka 1950 Hans Albert Einstein, mtoto wa mwanafizikia yule maarufu, aliandika kwamba mwendo wa punje ni wa bahati nasibu, huruka, hutua, husubiri, na kwamba lazima uhesabiwe hivyo. Wadenmark wawili, Engelund na Hansen, walifuata mwaka 1967 na kanuni inayopendwa kwa mito ya mchanga. Ndani yake kiasi cha mchanga hukua kwa kasi ya maji iliyozidishwa kwa yenyewe mara tano. Maana yake ni hii: kasi ikiongezeka maradufu, mchanga unaongezeka mara 32. Na mhandisi akiizidisha kasi kwa asilimia 10 tu, ameuzidisha mchanga kwa asilimia kama 60.

Ndiyo maana miongoni mwa wataalamu wa fani hii kanuni inayotoa jibu kati ya nusu na mara mbili ya mchanga halisi huhesabiwa kuwa imefanya kazi nzuri. Mwananchi anayeoneshwa ramani ya mafuriko yenye rangi kwenye mkutano wa mtaa anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaambiwa nyumba yake iko upande gani wa mstari.

Maji yana mashahidi wengi. Mvua ya tarehe 20 Desemba 2011 na siku zilizofuata, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kutokea Dar es Salaam tangu 1954, ilipimwa: zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Mstari wa tope ulibaki kutani Hananasif na Mkwajuni, na mpaka leo mkazi anaweza kukuonesha kwa mkono wake maji yalifika wapi: magotini, kiunoni, kifuani. Mchanga haukuacha mstari. Maji ya mafuriko huichimba sakafu yanapopanda na kuifukia yanaposhuka, hivyo anayekuja asubuhi kutazama huona mto uliotulia na hawezi kujua usiku ulishuka mita ngapi. Kuupima mchanga kunahitaji mtu kuwa darajani masika, mara nyingi usiku, akichota maji ya tope kwa chupa na kupima kina kila saa. Kazi hiyo haina sherehe, na bajeti za miradi huipita haraka.

Kuna ustaarabu mmoja uliopima mto kwa subira kuliko wowote. Kwenye kisiwa cha Rawda mjini Cairo bado ipo nguzo ya marumaru iliyosimamishwa mwaka 861 kwa amri ya khalifa al-Mutawakkil, imechorwa dhiraa, na Nile iliingia ndani ya kisima chake kwa njia za chini ya ardhi. Desturi yenyewe ni ya kale zaidi. Plinio Mrumi aliandika kwamba dhiraa 12 zilikuwa njaa na dhiraa 16 zilikuwa furaha, na kodi ya ardhi ilikwenda na kimo hicho. Kumbukumbu za Cairo ziliendelea kwa karne nyingi kiasi kwamba mwaka 1951 Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyetumia maisha yake ya kazi huko, aliweza kuonesha kutokana nazo, pamoja na kumbukumbu nyingine ndefu, kwamba miaka ya neema huandamana na miaka ya ukame huandamana. Huo ni ukweli ambao hesabu za kipindi kifupi haziwezi kuuona. Nikilinganisha na Msimbazi, ambao haujawahi kuwa na mfululizo kama huo, naona wivu.

Lakini Wamisri nao walipima maji. Tope jekundu la Ethiopia, lililowalisha, lilikuwa likiinua sakafu ya Nile na mashamba ya kando yake polepole, karne hata karne. Dhiraa 16 za kale hazikutosha tena kufikisha maji shambani, na kimo kilichohesabiwa kuwa cha neema kilibidi kipandishwe. Nguzo haikusogea, wala wapimaji hawakudanganya. Kilichobadilika ni mto chini ya nguzo. Sijui mfano wenye nguvu kuliko huu kwa yeyote anayedhani kipimo cha kina cha maji kinajitosheleza. Ubao wa namba uliopigiliwa leo kwenye nguzo ya daraja la Jangwani utasema kina kilekile kwa mafuriko mawili tofauti, kama kati yake sakafu imepanda mita moja.

Wachina hawakuweza kuusahau mchanga, maana Mto Manjano hauruhusu. Katika karne ya 16 ofisa wa enzi ya Ming, Pan Jixun, aliyezaliwa 1521 na kufariki 1595, alikabidhiwa mto huo mara nne. Wenzake wengi walitaka kuugawa mto katika matawi ili kupunguza maji. Yeye akasema kugawa maji ni kuyapunguzia nguvu, na maji dhaifu huacha mchanga njiani. Akaubana mto kwa matuta ili kasi iongezeke na maji yenyewe yachimbe sakafu. Bila mlinganyo wowote alikuwa ameshika kiini cha kanuni ambayo Engelund na Hansen wangeiandika karibu miaka 400 baadaye: nguvu ya kubeba mchanga iko kwenye kasi.

Hukumu juu yake lazima iwe na pande mbili. Alikuwa sahihi kuhusu kasi, lakini mchanga ulioondolewa sehemu moja ulitua mbele, mdomoni, na sakafu iliendelea kupanda mpaka mto ukawa juu ya tambarare zinazouzunguka. Mwaka 1855 ulivunja kingo na kuhamia kaskazini, Shandong. Karne iliyofuata, bwawa la Sanmenxia lilipokamilika mwaka 1960 kwa usanifu wa wataalamu wa Kisovieti, lilijaa mashapo kwa kasi iliyoutishia hata mto Wei wa upande wa Xi'an, na likalazimika kufunguliwa matundu ya kutolea tope. Mhandisi Huang Wanli alikuwa amelipinga mapema, mwaka 1957, akisema mchanga hautakubali.

Ninaposoma habari za Pan Jixun nafikiria mto Ng'ombe wa Kinondoni. Ulikuwa korongo la takataka lililokuwa likifurika vyumbani mwa watu, na ulipopanuliwa na kujengewa kwa zege chini ya mradi wa kuendeleza jiji, wakazi wa kando yake walipata nafuu ya kweli. Sina neno baya kwa kazi hiyo. Lakini mkondo wa zege ni laini, namba ya Manning inashuka, kasi inapanda, na mchanga ambao zamani ungebaki kwenye vichaka na viwanja sasa unasafiri mpaka kwenye bonde la chini la Msimbazi, ambako mteremko unaisha. Tumeubana mto kama Pan Jixun. Swali alilolikuta yeye mdomoni mwa Mto Manjano nasi tutalikuta kwenye bonde hilo la chini.

Sasa nije kwa mto ambao watu wengi wa Temeke wanaubeba kichwani. Mbagala ni mlango wa Barabara ya Kilwa, na waliojenga huko wametoka kwa wingi Rufiji, Kibiti, Mkuranga na Kilwa. Rufiji ilikuwa na elimu ya mafuriko ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiandika katika miaka ya 1970. Mkulima wa bondeni alipanda mpunga na mahindi kabla ya maji, akalinda shamba akiwa juu ya dungu, na maji yalipopungua alipanda tena kwenye tope jipya, kilimo kinachoitwa mlau. Mafuriko makubwa mno yaliondoka na mazao, yaliyokosekana yaliondoka na mlau, na ya wastani yalileta mbolea. Mkulima aliyatathmini mafuriko kwa kile yalichokiacha ardhini zaidi ya kimo chake. Mto ulihama, matawi yalifukiwa na mengine yakafunguka. Katika karne ya 20 maji mengi ya delta yalihamia matawi ya kaskazini, na watu wakahama nayo.

Serikali ilipotazama bonde hilohilo baada ya mafuriko ya 1968 iliona hatari peke yake. Ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wakapandishwa kwenye vijiji vya nchi ya juu, na wengi wakaendelea kurudi bondeni kulima na kulala madunguni. Mradi wa umeme wa Julius Nyerere, wenye uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kujaza maji Desemba 2022, ulizuia nyuma ya ukuta sehemu ya maji na sehemu kubwa ya mashapo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliibua mabishano makali kuhusu maji ya bwawa. Kuhusu tope ambalo halitashuka tena kwenye mashamba ya mlau na kwenye mikoko ya delta, hakuna aliyebishana hadharani kwa sauti hiyo. Tena mashahidi walikuwa wa maji.

Elimu ya Rufiji, hata hivyo, haiwezi kuhamishwa nzima kuja Mbagala au Hananasif, na anayedai inaweza anawadanganya watu. Rufiji hujaa kwa siku na majuma, mvua ikitoka nyanda za juu mbali. Habari za maji hufika kabla ya maji. Mito ya Dar es Salaam ni mifupi, na mvua iliyonyesha Pugu usiku inaweza kuwa mlangoni mwa mtu wa Kigogo kabla hajaamka. Jambo la pili ni zito zaidi. Kumbukumbu ya mzee inafaa kwa mto ambao nchi yake haijabadilika. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika ile ya 2022. Kila bati na kila ua uliosakafiwa unaongeza maji yanayokimbilia mtoni badala ya kuzama ardhini. Mkazi aliyeishi Goba tangu mashamba ya mikorosho anakueleza kwa uaminifu kabisa mto ambao haupo tena. Hapo modeli inamshinda. Inaweza kuulizwa: kama nusu ya bonde ikiezekwa, je? Kumbukumbu haiwezi kujibu swali la jambo lisilowahi kutokea.

Njia hizi mbili zimewahi kukutana hapa kwetu, na matunda yakaonekana. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa mitaa, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji ambayo hakuna ramani ya serikali iliyokuwa nayo, na wakazi wakaonesha maji hufika wapi. Modeli bila ramani ya namna hiyo ni kipofu mitaani. Haijui kwamba mfereji fulani umezibwa kwa ukuta wa jirani. Mwaka 2018 vikafuata vikao virefu vya kupanga bonde la Msimbazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 za mkopo kwa mradi wenyewe: kupanua na kuchimba bonde la chini, kuinua ardhi ya kando, kujenga daraja jipya la Jangwani lenye kimo, na kuwahamisha kwa fidia walio kwenye hatari. Mipango hiyo imeutaja mchanga waziwazi, na imetazama pia vilima unakotoka. Kwa hilo imezitangulia kazi nyingi za kabla yake.

Wasiwasi wangu ni wa baada ya sherehe za uzinduzi. Bonde likichimbwa linakuwa pana na lenye kina, maji yanatulia ndani yake, na maji yaliyotulia huangusha mchanga. Mlinganyo wa Exner haujali fedha zilitoka wapi. Kama Pugu na Kinyerezi hazikuzuia udongo wake, uchimbaji wa Jangwani utakuwa kazi ya kila mwaka, na kazi ya kila mwaka inahitaji mtu wa kujua kila mwaka mchanga kiasi gani umeingia.

Mtu huyo yupo tayari, na yuko pale ambapo wapimaji hawapo. Wachimba mchanga wa Tegeta na Mbezi wanajua kona ipi ya mto hujaa tena baada ya mvua moja na ipi huchukua msimu mzima. Wanatenganisha mchanga mkubwa wa zege na mwembamba wa plasta kwa kuushika tu, na ukubwa wa punje ndicho kitu cha kwanza ambacho kanuni ya Shields inakihitaji. Wakifika kwenye udongo mgumu wanajua sakafu imekwisha, wanahama. Hesabu ya malori waliyopakia masika hadi masika ni kipimo cha mashapo ambacho Zürich isingeweza kukipata maabara.

Siwapambi. Uchimbaji wao, pamoja na wenye malori na sisi tunaojenga kwa mchanga huo, ndio ulioshusha sakafu za mito hii. Sakafu ikishuka, kingo hubaki zimesimama wima juu ya shimo, maji huzikata kwa chini, na mto hupanuka kwa kumeza viwanja vya watu. Shimo lenyewe halibaki lilipochimbwa, hupanda taratibu kuelekea juu ya mto mpaka kwenye nguzo za daraja linalofuata. Wenye nyumba kando ya mito ya Kinondoni wamelipia hili kwa vyumba vilivyoanguka korongoni. Wanajaza viroba na matairi, na mvua inavichukua.

Mamlaka zimekuwa zikijibu kwa njia mbili zinazopishana. Kipindi fulani uchimbaji hupigwa marufuku, na wachimbaji hufanya kazi usiku. Kipindi kingine hutolewa vibali vya kusafisha mito, kwa hoja kwamba mchanga umejaa na unasababisha mafuriko. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi mahali fulani, mwaka fulani. Pale daraja la Jangwani kuzoa mchanga ni lazima. Karibu na mdomo wa Tegeta kila tripu ya lori imekatwa kutoka ufukwe wa Kunduchi. Ila bila kipimo cha sakafu, anayetoa kibali na anayekinyima wote wanabahatisha, na mwenye nguvu ndiye anayeshinda.

Kwa hiyo ningedai jambo moja kutoka kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na halmashauri zote za mkoa: kibali chochote cha kutoa mchanga kifungwe na kipimo cha mkato wa mto kabla na baada. Kazi yenyewe si ya mitambo. Kamba inavutwa kutoka ukingo hadi ukingo juu ya alama mbili za zege zisizohamishwa, fimbo yenye sentimita inashushwa kila mita moja, namba zinaandikwa. Vijana wawili wa mtaa waliofundishwa kwa siku chache wanaweza kuifanya, mchimbaji mwenyewe akiwa mmoja wao, na daftari likae ofisi ya serikali ya mtaa wazi kwa kila mwenye nyumba kando ya mto. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na baada ya masika. Modeli ya kompyuta ikipewa mikato ya miaka mitano ya namna hiyo itaacha kubahatisha, kwa sababu wahandisi wataweza kuirekebisha mpaka sakafu yake ipande na kushuka pale ambapo sakafu ya kweli ilipanda na kushuka. Programu zenyewe hazina gharama. Ile ya kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani, inayotumika dunia nzima tangu 1995, hutolewa bure.

Kinondoni na Msimbazi zimekwisha kuumia, na vipimo huko vitaonesha zaidi ukubwa wa jeraha. Temeke ningeanzia Kizinga na Mzinga, mito inayokutana na maji chumvi kwenye hori la bandari. Kizinga ndio uliolinywesha jiji kupitia mtambo wa Mtoni kabla ya mtambo wa Ruvu Juu kukamilika mwaka 1959, na vilima vya Mbagala, Chamazi na Yombo, vinavyomwaga maji kwenye mito hii miwili, vinajengwa sasa hivi, kwa hiyo udongo wake ndio kwanza unaanza kushuka. Alama za zege zichimbiwe juu na chini ya madaraja ya Barabara ya Kilwa, na mkato wa kwanza upimwe Septemba, maji yakiwa machache.